Chakula, Sheria na Ghala

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: akiba, dumuzi, sumukuvu. Tutakutana nayo yote leo.

Swali la somo ni hili. Kwa nini chakula, hata kile kilichotolewa bure, huharibika wakati watu wana njaa? Na sheria za serikali, je, zinakilinda chakula au zinakizuia? Tutatafuta jibu katika habari za nchi yetu wenyewe, kuanzia hapa Handeni na Korogwe.

Akiba ya zamani

Zamani katika nchi ya Wazigua, watu wenye nguvu waliweka akiba ya nafaka na mifugo. Mwaka wa ukame, maskini aliwaendea akapata chakula, naye akawa mtu wao. Haukuwa msaada wa bure, lakini uliokoa maisha. Biashara ya misafara ilipokua, nafaka nyingi iliuzwa. Kisha Wajerumani wakaingia, na wakubwa wale wakapoteza uwezo wao. Nzige walipovamia mwaka 1894, ghala nyingi hazikuwa na kitu. Njaa ikawa kubwa, na watu wengi wakafa au wakahama.

Korogwe ilipata reli mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea. Handeni haikupata reli. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yalipita Korogwe na Handeni yakiwafukuza Wajerumani. Katika vita ile majeshi ya pande zote mbili yalichukua chakula cha wenyeji na watu wa kubeba mizigo.

Baada ya vita, Waingereza walileta amri: kila nyumba ipande muhogo wa kinga ya njaa. Wengine walichukia kulazimishwa. Hata hivyo muhogo huvumilia jua, na makopa yakikauka vizuri hukaa muda mrefu. Kumbe amri iliyochukiwa yaweza kuwa na faida ndani yake.

Mahindi ya njano

Sasa tuje miaka ya Uhuru. Mwaka 1974 na 1975 mvua zilikuwa haba, na wakati huo huo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini. Serikali ililazimika kuleta nafaka nyingi kutoka ng'ambo, nyingine kwa kununua na nyingine kwa msaada. Katika miaka ile na iliyofuata yalikuja mahindi ya njano. Watu wakauita unga wake "unga wa Yanga," kwa sababu ya rangi ya timu ile ya mpira. Wengi hawakuupenda, maana walizoea ugali mweupe, na wengine walidhani ni chakula cha mifugo. Chakula kilikuwa kizima, bali maelezo yalikosekana. Mwaka 1975 ilifanyika pia kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi kama mlivyokaa ninyi leo, wakajifunza habari za lishe.

Kilo thelathini

Wakati ule Shirika la Usagishaji la Taifa ndilo lililonunua mahindi ya wakulima kwa bei iliyopangwa. Nia ilikuwa njema: mkulima asinyonywe na miji ipate chakula. Lakini mtu hakuruhusiwa kuvusha zaidi ya kilo 30 za nafaka kutoka mkoa mmoja hadi mwingine bila kibali.

Tufanye hesabu. Debe moja la mahindi lina uzito wa kilo 17 hivi. Basi kilo 30 hazifiki madebe mawili! Fikirini mtu wa Handeni aliyekuwa na ndugu Turiani, mkoa wa Morogoro. Ndugu ana magunia matano, naye ana watoto sita wenye njaa. Alete chakula hicho kwa safari ngapi? Wengine wakapita njia za magendo usiku. Mwaka 1984 kipimo kilipandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 kizuizi kikaondolewa.

Dumuzi

Mwaka 1981 alitambulikana mkoani Tabora mdudu mgeni, dumuzi. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Wataalamu wengi wanaona huenda alikuja ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Hula mahindi ghalani, hula na makopa, yaani ile ile akiba ya njaa. Mahali pengine aliweza kumaliza theluthi ya mahindi kwa miezi michache. Ndiyo maana sheria hutaka nafaka ya kigeni ikaguliwe bandarini, hata ikiwa ni zawadi.

Sumukuvu

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa. Walikula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya kuvu. Manyara ni jirani zetu. Sumu hii haionekani kwa macho, na kuipika hakuiondoi. Kwa hiyo afisa akizuia magunia yenye sumukuvu yasigawiwe, msimlaumu haraka. Mwenye njaa naye ana haki ya chakula salama.

Lakini ulizeni jambo moja: chakula kile kilipotea lini? Kilipotea siku kilipotiwa guniani kikiwa kibichi, au kilipolazwa sakafuni kikisubiri kibali. Siku ya kukichoma moto ilikuwa siku ya mazishi tu. Kadhalika akiba ya wazee wetu ilipotea kabla nzige hawajaja.

Basi sheria njema ya chakula hufanya kazi mapema: hukagua, hueleza watu, na hufungua njia kwa wakati. Nasi tuna wajibu wetu nyumbani. Tukaushe mahindi kwenye turubai, tuyapukuchue, tuyaweke juu ya chaga, na tuyatazame mara kwa mara.

Maswali ya kujadiliana

1. Wazee wa kikundi wanakumbuka nini juu ya unga wa Yanga?
2. Je, amri ya kupanda muhogo na amri ya kilo 30 zinatofautianaje?
3. Chakula cha msaada kikifika kijijini kwenu kesho, kitawekwa wapi, na nani atakitazama?

Kwaherini mpaka somo lijalo.