Zambarau ya Karani

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa baraza hapa bonde la Kilombero mpaka utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963. Sanduku lake la bati lilikuwa na chupa tatu za wino: bluu, nyekundu na bluu-nyeusi. Ile ya bluu-nyeusi hakuichanganya na kitu. Ulikuwa wino wa chuma, unaandika bluu kisha unazidi kuwa mweusi kadiri unavyokaa hewani, na ukiukutanisha na wino mwingine unaweza kuganda mashapo na kuziba kalamu. Lakini bluu na nyekundu alizioanisha. Matone matano ya bluu, mawili ya nyekundu, tone la maji, kijiti cha kukorogea, halafu anajaribu kwenye pembe ya gazeti kuukuu. Akiipata rangi ya zambarau lililoiva, tunda lile linalotia ulimi madoa, ndipo anajaza kalamu yake.

Stakabadhi zake zote za kodi aliziandika kwa rangi hiyo. Mtu akija na karatasi ya bluu tupu akidai ameshalipa, Babu aliirudisha bila neno. Kipimo chake hakumwambia mtu ila mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemkingia maji ya mvua. Maji ya kisima hakuyataka. "Mjukuu wangu," aliniambia, "wino unaonja maji kabla ya kuonja karatasi."

Sikujua wakati ule kwamba nitakula mkate wangu kwa sentensi hiyo. Nimefanya kazi ya maabara hapa Ifakara hadi kustaafu, na kazi yenyewe ilikuwa ni kuchanganya nyekundu na bluu za kutia damu rangi.

Wino mwekundu wa ofisi zama zile mara nyingi ulitiwa eosini, rangi iliyoundwa Ujerumani katika miaka ya 1870 na mkemia Heinrich Caro wa kiwanda cha BASF. Ni yeye pia aliyeunda methilini ya bluu mwaka 1876. Zilikuwa rangi za biashara, zimetokana na lami ya makaa ya mawe. Hakuna aliyezipika kwa ajili ya damu. Mwaka 1880 Alphonse Laveran alipokiona kimelea cha malaria kule Algeria, alikiona bila rangi yoyote, na kila ninapofikiria macho ya mtu yule namheshimu upya, maana ni sawa na kumtafuta mbuzi mweupe kwenye ukungu wa alfajiri mtoni Kilombero.

Mwaka 1891 Dmitri Romanowsky, kule Petersburg, aliunganisha eosini na methilini ya bluu. Bluu changa haikumpa alichotaka. Ni ile iliyokaa siku nyingi, ikachakaa na kuzaa rangi nyingine ndani yake, iliyotoa kitu ambacho hakikuwamo katika chupa yoyote kati ya zile mbili: zambarau iliyoshika kwenye kiini cha kimelea. Tatizo likawa kwamba rangi hizi zikikutana majini hugandana na kuzama. Leo zimetoka vizuri, kesho tope tupu.

Aliyetatua hilo aliwahi kuishi upande wetu. Gustav Giemsa alikuwa mfamasia, na kati ya 1895 na 1898 alifanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baadaye, akiwa kwenye taasisi ya magonjwa ya tropiki Hamburg, alizituliza rangi zile ndani ya methanoli na gliserini, zisiguse maji mpaka dakika ya kutumika. Mchanganyiko huo aliutangaza mwaka 1904, na jina lake limekaa kwenye chupa hadi leo. Sisi tunalitamka tu "gimsa", kama tunavyosema sabuni au chumvi.

Chupa hiyo ilipata makao yake makubwa hapa Ifakara kwa njia ya Uswisi. Wabenediktini wa Kijerumani walipoondolewa kwa sababu ya Vita vya Kwanza, misheni za huku zilikabidhiwa Wakapuchini wa Uswisi, na nyuma yao wakaja watu wengine wa kwao. Mmojawao ni Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama, aliyefika Ifakara mwaka 1949 na kuanzisha maabara mwaka 1957. Alishughulika sana na papasi na homa yao, na vijidudu vya homa hiyo navyo huonekana kwa rangi ileile. Ukoo wake ulianza biashara Basel mwaka 1758 kwa kuuza dawa na miti ya kutia rangi, kisha ukaingia viwandani kutengeneza rangi za nguo. Nilipolijua hilo nilikaa kimya kwa muda mrefu. Mwana wa wauza rangi alikuja kujenga nyumba ya kutia damu rangi, kwenye mji wa mpunga na mbu.

Na mbu walikuwepo! Kule Namawala, karibu nasi, watafiti walikadiria karibu na mwaka 1990 kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka.

Kazi ilikwenda hivi. Asilimia 10 ya Giemsa kwa dakika 10, wagonjwa wakiwa wengi. Asilimia 3 kwa dakika 45, tukiwa na nafasi. Mimi nilipenda asilimia 3. Inaingia polepole, haichafui tone nene la damu kwenye slaidi. Rangi iliyochanganywa asubuhi hailali, inamwagwa. Na maji ndiyo mwalimu: tuliyapima yawe pH 7.2. Yakiwa na tindikali, slaidi nzima inakuwa ya waridi na kimelea kinajificha. Yakizidi magadi, kila kitu bluu. Mara ya kwanza nilipoharibu slaidi kwa sababu ya maji, nilimsikia Babu sikioni. Ikitoka sawasawa unaona pete ndogo ya bluu yenye kito chekundu, na hiyo ndiyo malaria. Nilisoma viwanja 100 vya hadubini kabla ya kuandika "hakuna", kwa sababu mama aliyembeba mtoto nje ya mlango anastahili viwanja vyote 100.

Siku hizi kipimo cha haraka kinatoa mstari mwekundu kwenye kiplastiki, dakika 15 basi. Kimefika vijiji ambavyo hadubini haikufika, nacho nakishukuru. Lakini hakihesabu vimelea.

Juzi nilifungua sanduku la bati. Imebaki stakabadhi moja ya Babu, imekunjwa mara nne. Eosini haivumilii mwanga, nalijua hilo kwa slaidi za zamani zilizopauka rafuni. Mikunjo ya ndani ilikuwa bado zambarau ileile. Upande wa juu, uliokaa miaka kadhaa dirishani kwa marehemu mama, nyekundu imekwenda yote na maandishi yamebaki bluu tupu, rangi ambayo Babu angeirudisha. Nimeikunja kama alivyoikunja, nikaifunika kwa kitambaa cheusi.