Upimaji wa kimo cha mji wa mimba

Upimaji wa kimo cha mji wa mimba ni njia ya kumtambua mapema mtoto asiyekua vizuri tumboni kwa kutumia tepu ya sentimita. Hufanyika kwenye kliniki za wajawazito, na hauhitaji umeme wala mashine.

Mtoto hudumaa tumboni kwa sababu mbalimbali: kondo la nyuma lisilofanya kazi vizuri, shinikizo la damu la mama, upungufu wa damu, lishe duni, malaria au uvutaji wa sigara. Mtoto huyo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufia tumboni au kufa siku za kwanza. Mizani humtambua mwenye uzito pungufu, yaani chini ya gramu 2,500, lakini akishazaliwa.

Namna ya kupima

Mama hukojoa kwanza, kisha hulala chali. Mkunga hupapasa hadi apate kilele cha mji wa mimba, halafu hunyoosha tepu kutoka hapo hadi juu ya mfupa wa kinena. Inafaa upande wenye namba uelekee chini, ageuze tepu akishamaliza. Anayeziona namba mapema huwa na mwelekeo wa kupata jibu analolitarajia. Kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Tofauti ya sentimita 2 au 3 ni ya kawaida. Mimba ya wiki 32 yenye kimo cha sentimita 28 inatia shaka, na shaka huongezeka kipimo kisipopanda kati ya hudhurio moja na jingine. Kwa hiyo namba zilizoandikwa mfululizo kwenye kadi zina thamani kuliko namba moja.

Udhaifu mkubwa uko kwenye umri wa mimba. Mama asiyekumbuka hedhi ya mwisho, au aliyeanza kliniki mwezi wa sita, anaweza kuhesabiwa wiki zisizo zake. Hapo tepu hulaumiwa bure. Mapacha, maji mengi, unene na mtoto aliyelala kingamo pia hupotosha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani halikupendekeza tepu ichukue nafasi ya kupapasa kwa mikono, bali lilipendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki 24, inayosaidia hasa kujua umri wa mimba.

Ngara na Biharamulo

Katika wilaya hizi za mkoa wa Kagera malaria ni jambo zito, hivyo chandarua chenye dawa na vidonge vya SP ni sehemu ya kulinda ukuaji wa mtoto. Mama mwenye kipimo cha mashaka hupewa rufaa kutoka zahanati kwenda hospitali, kama vile Murgwanza au Rulenge wilayani Ngara, ama hospitali ya Biharamulo. Huko altrasaundi hupima kichwa, tumbo na paja la mtoto ili kukadiria uzito, na daktari huamua kama mimba iendelee au mtoto azalishwe.

Tanzania imechangia utafiti wa jambo hili. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti kutoka Kwimba kuhusu kutumia kipimo kimoja kabla ya kujifungua kukadiria uzito na kubaini mapacha. Mwaka 2012 wajawazito wa Korogwe walikuwa msingi wa chati ya uzito wa watoto tumboni iliyotengenezwa kwa altrasaundi.