Kwa vena pekee

Mama wa Mbwera anayempeleka mwanawe Muhimbili kwa saratani ya damu husubiri maji yajae ndipo boti iondoke delta ya Rufiji, kisha hupanda basi la Barabara ya Kilwa. Akifika wodini huambiwa mtoto atachomwa "sindano ya mshipa". Kwa dawa nyingi maneno hayo yanatosha. Kwa vinkristini, dawa ya saratani hiyo, hayatoshi.

Mshipa, kwa sisi watu wa pwani, ni njia ya damu. Ni neva pia: mtu akiumwa kiuno husema mshipa umebana. Na huku Kibiti na Rufiji, ambako matende na mabusha yamewatesa wazee wetu, ukisema fulani "ana mshipa" hakuna atakayefikiria damu. Ndiyo maana natetea istilahi ya vitabu vya biolojia: vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. Vinkristini ni dawa ya ndani ya vena, basi.

Dawa hii hutokana na mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi, unaopandwa kama pambo kwenye nyua nyingi. Huvuruga nyuzi nyembamba ambazo seli ya saratani huzihitaji ili ijigawe. Neva nazo zina nyuzi hizohizo. Ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo, huua neva na karibu kila mara huua mgonjwa. Hatari iko karibu, kwa sababu tiba ileile ya mtoto ina dawa nyingine, methotreksati, ambayo kweli huchomwa kwenye uti wa mgongo. Mwaka 2001 kijana mmoja alifariki baada ya kuchomwa vinkristini mgongoni huko Nottingham, Uingereza. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hii ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, maana mfuko haufanani na kitu cha kuchomwa mgongoni. Lebo yake kwa Kiswahili ningeiandika hivi: KWA VENA PEKEE. IKIPITA KWINGINE INAUA.

Hata ndani ya vena, muuguzi huhakikisha kwanza damu inarudi kwenye kanula, kisha hakai mbali. Dawa ikivuja huunguza nyama. Mtoto akisema, "Dada, panauma," dripu ifungwe papo hapo, hata kama mkono haujavimba.

Nyumbani, choo kikikataa kwa siku kadhaa, taya likiuma au mtoto akianza kuburuza miguu, mzazi apige simu wodini bila kungoja tarehe ya kliniki. Apige pia kabla ya kununua dawa ya fangasi dukani: itrakonazo hulizuia ini kuivunja vinkristini, na sumu yake kwenye neva huongezeka.