"Mfumo umegoma": namna ya kuripoti hitilafu ya programu

Ukimwambia mtengeneza programu "mfumo umegoma" tu, hana pa kuanzia. Anahitaji kuiona hitilafu ikitokea tena kwenye kompyuta yake ndipo airekebishe.

Tuseme mchimbaji mdogo wa Mwakitolyo analipia ada ya leseni kwa kumbukumbu namba ya malipo, na malipo yanakataa. Ada isipolipwa, leseni inaweza kufutwa. Katika taarifa yake aandike:

- alibonyeza nini, kwa mpangilio;
- alitarajia nini, na nini kilitokea;
- maneno ya ujumbe uliotokea, kama yalivyo;
- tarehe na saa;
- aina ya simu na toleo la programu;
- kama hitilafu inajirudia.

Taarifa moja, hitilafu moja. Picha ya skrini husaidia. Namba ya siri asimpe mtu yeyote.