Dispensa ya Friji Imegoma? Cheki Hizi Vitu 7 Kabla Fundi Akule Doh Yako

Umerudi keja, jua limekuchapa vibaya. Umechukua glasi, umesukuma ile leva kwa mlango wa friji ukingoja maji baridi. Kimya. Unajaribu upande wa barafu, inanguruma tu kama mathree imekwama kwa matope, lakini hakuna kitu inatoka. Hapo ndio wengi hupigia fundi simu, na hapo ndio doh huanza kuhepa.

Anti yangu mmoja alihama kutoka chini hadi orofa ya juu kabisa, ploti ile ile. Wiki hiyo hiyo friji ikakataa kutoa maji. Fundi alikuja, akaichungulia dakika mbili, akasema bodi imekufa, leta 18,000. Anti alikuwa ashaanza kuomba mkopo kwa chama. Bodi ilikuwa fiti kabisa. Shida ilikuwa kwa paa, na utaiona hapo kwa namba 3.

Kabla ugusa chochote nyuma ya friji, chomoa plagi na ufunge maji. Stima na maji hazijawahi kuwa marafiki.

1. Jua friji yako ni ya aina gani

Kuna aina mbili. Ya kwanza imeunganishwa na paipu nyembamba nyuma, na hiyo ndio kwa kawaida hutengeneza barafu yenyewe. Ya pili ina katenki ndani ya mlango na unaijaza kwa mkono.

Kama yako ni ya katenki, usisumbuke na mambo ya paipu. Toa katenki, ukaoshe, halafu ukarudishe mpaka kakae sawa. Kakikaa kombo kidogo tu, maji hayashuki ama yanavuja ndani ya mlango. Angalia pia ile raba na kavali ka chini, uchafu ukishika hapo maji hutoka kwa matone. Na tafadhali usiweke juisi wala soda humo. Sukari hugandia kwa vali na baada ya muda utapata ukungu ndani.

2. Lock na mlango

Usicheke, hii imekula wasee wengi. Dispensa nyingi zina lock ya kuzuia watoto kumwaga maji. Mtoto akibonyeza, ama ukipangusa mlango na kitambaa, inajifunga. Tafuta alama ya kufuli kwa paneli, shikilia hiyo batani kama sekunde 3. Ikizima, jaribu tena.

Halafu hakikisha milango yote imefungika. Friji nyingi zikihisi mlango uko wazi, dispensa haifanyi kazi. Sufuria ya ugali iliyosukumwa nusu nusu inaweza kukufanya uite fundi bure.

3. Presha ya maji

Hapa ndio anti alishikwa. Vali ya friji hufunguka kwa stima, lakini ni presha ya maji ndio husukuma. Friji nyingi za paipu zinataka angalau baa 1.4, yaani psi 20. Sasa piga hesabu: kila mita 10 za kimo kati ya tenki na friji zinakupa karibu baa 1. Ukiwa chini kwa ploti ya orofa 6 na tenki liko kwa paa, una kama mita 18, uko sawa. Ukihamia orofa ya juu, tenki liko mita 3 ama 4 tu juu ya kichwa chako. Hiyo ni baa 0.3 ama 0.4. Kwa sinki maji yatatoka, kwa friji hayatatoka.

Dalili za presha ndogo ni maji kutoka kama uzi, vipande vya barafu vidogo ama vyenye shimo katikati, na wakati mwingine vali kushindwa kujifunga vizuri ikaanza kudondosha.

Vuta friji mbele polepole. Angalia kama paipu imekunjika, maana ukisukuma friji sana kwa ukuta paipu hujinyonga. Angalia kama vali ya ukutani imefunguliwa yote. Halafu ifunge, chomoa paipu nyuma ya friji, ielekeze kwa ndoo, kisha fungua. Maji yakitoka dhaifu, friji haina makosa. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha, sio bodi mpya.

Na siku za mgao wa maji, cheki kwanza kama tenki lina kitu ndani.

4. Filta

Filta nyingi hubadilishwa kila miezi 6. Kama maji yako ni ya boza ama ya kisima, yenye mchanga na chumvi, inaziba mapema zaidi. Njia rahisi ya kujua ni kuitoa. Friji kadhaa hupitisha maji hata bila filta, zingine zinahitaji kifuniko maalum, kwa hivyo soma kale kakitabu. Maji yakianza kukimbia bila filta, umeshika mwizi.

Ukiweka mpya, mwaga kama lita 10 za kwanza. Hiyo inatoa hewa na vumbi jeusi la makaa. Ikidondosha kidogo siku ya kwanza usipaniki, ni hewa inaisha.

5. Barafu inatoka lakini maji hakuna

Kama barafu inatengenezwa poa, maji yanafika kwa friji. Mara nyingi shida ni kapaipu ka ndani ya mlango kameganda. Hii hutokea sana ukiweka friza baridi kupita kiasi. Friza inatakiwa kuwa digrii 18 chini ya sifuri, sio 24.

Hamisha chakula, zima friji, acha milango wazi masaa kadhaa na taulo chini. Usichokore na kisu na usimwage maji moto. Plastiki ikipasuka, sasa hiyo ndio ngori ya ukweli.

6. Maji yanatoka lakini barafu hakuna

Anza na swichi ya barafu. Friji zingine zina waya ama mkono mdogo juu ya ndoo ya barafu. Ukiwa umeinuliwa, mashine inadhani ndoo imejaa. Shusha.

Pili, joto. Kama friza haijashuka vizuri, mashine haiwezi kumwaga vipande. Friji mpya ama iliyozimwa kwa muda, ipe masaa 24 kabla ulalamike, na utupe barafu ya kwanza kwanza.

Tatu, sikiliza. Ukisukuma leva na mota inanguruma bila kitu kutoka, pengine barafu imeshikana ikawa jiwe moja. Hiyo huja stima ikipotea, inayeyuka kidogo halafu inaganda tena. Toa ndoo, mwaga yote, osha na maji vuguvugu, kausha kabisa, rudisha. Ukisukuma na husikii sauti yoyote, na umeshacheki lock na mlango, hapo ni swichi ya leva, mota ama waya. Hiyo ni kazi ya fundi.

7. Stima yenyewe

Kama friji ililetwa kutoka Marekani, imetengenezewa volti 120 na sisi tunatumia 240. Usiwahi kuichomeka moja kwa moja, inataka transfoma. Na hata ya hapa, weka gadi ya friji. Stima ikirudi kwa fujo, bodi ndio hulipa.

Kitu moja usisahau

Filta nyingi za friji zinatoa ladha ya klorini na harufu. Hazikutengenezwa kuua viini. Baridi nayo haiui viini vya kipindupindu, barafu ya maji machafu ni maji machafu tu. Kama mtaani mnatumia maji ya boza ama kisima ambayo hayajatibiwa, usimpe mtoto maji ya dispensa eti kwa sababu ni baridi. Chemsha, acha yapoe, weka kwa chupa ndani ya friji.

Ukiita fundi, muulize hivi

Umepima vali na mita? Umepima presha? Nionyeshe kilichokufa. Kila kipande kikibadilishwa, ile ya zamani baki nayo. Fundi mpoa hatakasirika, anayetaka kukuuzia mbuzi kwa gunia ndio ataanza kuangalia saa.

Na kama doh haiko sasa hivi, hakuna noma. Funga vali ya maji, zima swichi ya barafu, tumia friji kama friji. Dispensa ikikufa, nyama haiozi. Anti alinunua pampu kwa pesa kidogo kuliko ile bodi, na ule mkopo wa chama hakuuhitaji tena.