Treni Ikiondoka, Ardhi Inabaki ya Nani?

Wasee, wiki hii bando yangu yote imeishia Missouri, Marekani. Sijawahi kufika huko, na kwa hii hali ya mfuko sifiki leo wala kesho. Lakini nimekesha nikitazama video za watu wakiendesha baiskeli kwenye njia inaitwa Katy Trail, na kuna kitu lazima niseme.

Njia yenyewe ina karibu kilomita 386, kutoka Machens hadi Clinton. Juu imemwagwa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Sehemu kubwa inafuata mto Missouri: maji upande huu, majabali upande ule. Unatembea, unakimbia, unaendesha baiskeli, pengine hata farasi, na hakuna mtu anakuitisha kiingilio. Milima mikali hakuna, kwa sababu hapo zamani palikuwa na reli, na treni haiwezi kupanda ukuta. Karibu na Rocheport unapita ndani ya handaki lililochimbwa 1893. Jina nalo limetoka kwa kampuni ya Missouri-Kansas-Texas. Watu walifupisha wakasema K-T, mwishowe ikawa Katy.

Mwaka 1986 mto ulifurika ukabomoa reli, na kampuni ikaona haina haja ya kuirekebisha. Ikaondoka.

Sasa hapa ndipo moto uliwaka. Wakulima wengi kando ya ile reli walisema hivi: babu zetu walikubali treni ipite shambani, hawakuuza shamba. Treni imeenda, turudishieni ardhi yetu. Serikali ya jimbo ikajibu kwa sheria ya 1983 inayosema reli iliyoachwa inaweza kuwekwa kama akiba. Leo watu waitumie kutembea, na siku treni ikihitajika tena, njia iko. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya familia moja ya jimbo la Vermont, ilisema sheria hiyo ni halali, ila mwenye ardhi anaweza kuidai serikali fidia. Mwaka huohuo kipande cha kwanza cha Katy kikafunguliwa. Tajiri mmoja wa biashara ya hisa, Ted Jones, na mkewe walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 2.

Kwenye komenti za zile video, wengi huwaita hao wakulima wachoyo. Mimi sikubali. Mtu akipimiwa shamba lake kwa ajili ya treni, halafu aamke apate baiskeli zinapita nyuma ya jikoni bila kuulizwa, ana haki ya kupiga kelele. Na bado naona kuihifadhi njia ilikuwa uamuzi mzuri. Ukishaikata reli vipande vipande, kila mtu achukue chake, kuiunganisha tena ni ndoto.

Ndiyo maana nilianza kuwaza juu ya reli ya Gilgil kwenda Nyahururu. Ililala hapo, nyasi ikaifunika, na sisi huku mtaani tukitaka kuendesha baiskeli tunapigania barabara na matatu. Wewe ukipewa ile reli, ungeifanya nini? Na kama shamba la shosh yako liko kando yake, bado ungejibu vilevile?