Aliyeitwa Tasa

Shangazi yangu aliolewa Handeni, akakaa na mumewe miaka saba bila mtoto. Mizizi alikunywa yeye, hirizi alivaa yeye. Mwishowe akarudishwa kwao na jina la tasa. Akaolewa tena Korogwe, akazaa watatu! Yule bwana wa kwanza alioa wengine wawili, na hakuna aliyepata hata mimba. Bado wazee walimtetea: "Mbona nguvu anazo?"

Hapo ndipo penye kosa letu, ndugu msomaji. Nguvu za kiume ni jambo moja, mbegu ni jingine. Mtu anaweza kuwa jogoo wa mtaa mzima na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Na kwa Wazigua, ambao tangu kale walihesabu ukoo kwa upande wa mama, lawama ilimwelemea mwanamke zaidi, maana ukoo uliendelea kwa tumbo lake.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge Tanga; 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na hiyo yakaota mashamba makubwa, na mwaka 1902 reli ikafika Korogwe. Wakaja manamba: Waha, Warundi, Wangoni, Wamakonde. Wengi wao walikuwa wanaume walioacha wake makwao, wakalala kambini. Mahali pa namna hiyo, popote duniani, kisonono hustawi. Albert Neisser alikwisha kumtambua kijidudu chake mwaka 1879, lakini penisilini ilienea baada tu ya Vita Kuu ya Pili. Kabla ya hapo mtu aliugua, maumivu yakatulia, akadhani amepona.

Kumbe ndani vita haijaisha. Chembe nyeupe za damu hupeana habari kwa wajumbe waitwao saitokini, kama interlukini-6 na interlukini-8. Wakiwa wachache katika manii, ni kawaida. Ila ugonjwa ukikaa, wajumbe huzidi, askari humiminika na kumwaga kemikali kali zinazoziumiza mbegu: mkia hushindwa kuogelea, hata DNA iliyomo kichwani huharibika. Makovu nayo huweza kuziba mirija. Yaani mlinzi anamfukuza mwizi huku anavunja vyombo vya mwenye nyumba.

Sisemi kila mgumba aliugua kisonono. Zipo homoni, ipo mishipa iliyovimba penye korodani, zipo kasoro za kuzaliwa nazo. Bwana yule alikuwa na lipi? Hatutajua, kwa sababu hakupimwa. Na kupima si ajabu ya leo. Antonie van Leeuwenhoek aliziona mbegu kwa darubini mwaka 1677, huko Uholanzi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupima manii mwaka 1980. Ule wa 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa kiwango cha chini cha kawaida. Kinachotakiwa kwanza ni kikombe safi, darubini, na mwanamume asiyeona haya.

Waandishi wenzangu, katika hadithi zetu anayekwenda kwa mganga huwa mke daima. Safari hii mpelekeni na mume hospitali.

Shangazi yangu sasa ana wajukuu. Hadi leo hakuna aliyemwomba radhi.